Kanisa Ndani ya Ngome

Hotuba ya ibada kwa redio. Somo: 1 Wakorintho 3:10-15

 

Neno letu la leo latoka katika Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, mlango wa tatu, kuanzia mstari wa 10 hadi wa 15. Mwenye Biblia karibu na afungue. Asiye nayo na asikilize. Hapo Mtume anajilinganisha na fundi wa ujenzi. Yeye ameweka msingi, na wengine wanajenga juu yake. Msingi huo ni mmoja tu, nao ni Yesu Kristo. Lakini kila mjenzi anaonywa aangalie vitu anavyojengea, maana wengine hutumia dhahabu na wengine hutumia nyasi, na siku inakuja ambapo moto utaipima kazi ya kila mmoja.

Nataka tulitazame neno hili kwa njia ya swali nililoulizwa na akina mama wa kanisa letu hapa Syokimau. Walikuwa wanapanga safari ya Mombasa, wapate kuuona mji wa kale na makanisa yake. Mama mmoja akasimama akasema, "Mchungaji, makanisa hayo ya zamani ni ya Wakatoliki, nasi ni Waprotestanti. Je, si dhambi kuingia humo? Na tutapata faida gani kwa kuyatazama magofu ya watu wengine?"

Ni swali zuri, wala halikuulizwa kwa ubishi. Najua wako wengi mnaonisikiliza ambao mmelelewa mkiambiwa msikanyage mlango wa kanisa la Kikatoliki. Basi leo nawaalika tufunge safari hiyo pamoja, kwa masikio na kwa moyo.

Sisi wa Syokimau safari ya Mombasa inaanzia mlangoni petu. Stesheni kubwa ya reli mpya iko hapa hapa, na tangu mwaka wa 2017 watu hupanda gari moshi asubuhi, wakapita Mtito Andei na Voi, na mchana wakashuka Miritini. Wazee wa Ukambani husimulia kwamba nabii Syokimau, yule mama ambaye mahali petu paliitwa kwa jina lake, aliona tangu zamani nyoka mrefu atemaye moto, akitoka kwenye maji ya mashariki na kupita katika nchi. Aliona pia watu wageni wakija. Nami nikisoma habari za pwani naona kwamba wageni hao walifika na mambo mawili kwa pamoja. Mkono mmoja walishika msalaba, na mkono wa pili walishika mzinga. Habari ya makanisa ya kale ya Mombasa ni habari ya mikono hiyo miwili.

Kabla hatujaingia mjini, tulijibu kwanza swali la mama. Je, haya ni magofu ya watu wengine?

Ndugu msikilizaji, hebu tuhesabu miaka. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498. Wakati huo Martin Luther alikuwa kijana wa miaka 14 akisoma shule. Hoja zake mashuhuri zilitoka mwaka wa 1517. Kanisa la Uingereza, ambalo sisi Waanglikana tumetoka kwake, lilitengana na Roma mwaka wa 1534. Basi siku ile msalaba ulipofika kwanza katika pwani yetu, hapakuwa na mtu duniani aliyeitwa Mprotestanti. Wale mabaharia, kwa mema yao na kwa mabaya yao, ni wa ukoo wetu pia. Mtu hawezi kusema kwamba babu yake alianza kuishi siku ile alipogombana na ndugu yake.

Tofauti zetu na Wakatoliki zipo, nami sizifichi. Hatukubaliani juu ya mamlaka ya Papa, wala juu ya mambo kadha yanayofundishwa kuhusu Mariamu mama wa Bwana, wala hatujaweza kushiriki pamoja Meza ya Bwana. Hayo ni mambo mazito, na watu walikufa kwa ajili yake. Lakini wao wanamkiri Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, nasi tunamkiri yeye yule. Wanabatiza kwa jina lile lile. Mkatoliki akija kwetu hatumbatizi mara ya pili. Basi kuingia katika nyumba yao ni sawa na kuingia kwa shangazi ambaye hatukubaliani naye. Ingia kwa adabu. Ukikuta Misa inaendelea, kaa nyuma kimya, usitembeetembee na simu ukipiga picha. Mwombe Bwana wako pale ulipo. Hakuna ukuta duniani unaomzuia Mungu kusikia, kama Bwana mwenyewe alivyomfundisha yule mwanamke Msamaria kisimani.

Haya, sasa tuingie mjini.

Ukitoka Miritini ukafika kisiwani, ukapita mpaka mwisho wa barabara ya Nkrumah, utaiona ngome kubwa ya mawe iliyokaa juu ya mwamba, ikiangalia bahari. Wareno waliianza mwaka wa 1593, na kwa miaka mitatu walikuwa wamekwisha kusimamisha sehemu yake kubwa. Aliyeichora ni Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Aliichora kwa kufuata vipimo vya mwili wa mwanadamu, hata mtu akiitazama kutoka juu huona kama mtu aliyelala chali, mwenye kichwa, mikono na miguu. Kisha wakaipa jina la Yesu. Wakaijaza mizinga.

Hebu simama kidogo hapo. Sisi tunafundisha kwamba Kanisa ni mwili wa Kristo. Hapa watu walijenga mwili wa mawe, wakauita Yesu, na katika mikono na miguu yake wakatia baruti. Nia yao ilikuwa kulinda njia ya merikebu za kwenda India. Jina takatifu liliandikwa juu ya shughuli ya biashara na vita.

Ndani ya ngome hiyo, uwanjani, kulikuwa na kanisa. Leo hakuna paa, wala madhabahu, wala kengele. Imebaki misingi, ambayo wachimbuzi wa mambo ya kale waliifukua katika karne iliyopita. Mtu anaweza kusimama pale akaona mahali askari walipopiga magoti. Nje ya ngome, katika mji, watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino walikuwa na nyumba yao na kanisa lao. Hilo halionekani tena. Watu wanapita juu yake wakienda sokoni.

Yalikuwaje? Sikilizeni habari ya kijana mmoja, maana katika habari hiyo mna neno la Mungu kwetu.

Mfalme wa Mombasa siku hizo aliitwa Hasan. Alikuwa wa nyumba ya wafalme wa Malindi, marafiki wa Wareno tangu mwanzo. Lakini aligombana na makapteni wa ngome, waliomnyang'anya haki zake. Akakimbilia bara, na mwaka wa 1614 akauawa huko na watu waliohongwa na Wareno. Aliacha mwana mdogo jina lake Yusuf. Mtoto huyo alichukuliwa kwa merikebu mpaka Goa, katika India. Akalelewa na watawa wa Augustino. Wakamfundisha kusoma, wakamfundisha sala, wakambatiza. Akapewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alipokua alitumikia katika merikebu za vita za Wareno, akaoa mke Mkristo. Kisha, miaka zaidi ya 10 baada ya kifo cha baba yake, wakamrudisha Mombasa akawe mfalme. Walifikiri wamepata mfalme wa Kikristo.

Tazameni jambo hilo. Kijana huyu alikuwa na kila kitu ambacho kanisa linaweza kuhesabu katika daftari lake. Alikuwa na cheti cha ubatizo, tungesema leo. Alikuwa na ndoa ya kanisa. Alizijua sala kwa Kireno. Lakini aliporudi nyumbani, kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, alimdharau. Alimtendea kama mtumishi katika mji wa baba yake. Na baba yake alikuwa kaburini, na wale waliomwua walikuwa wakikaa safu ya mbele kanisani.

Mwezi wa Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kisu kapteni, akaiteka ngome. Akalikana jina lile alilopewa katika ubatizo, akarudia dini ya baba zake. Wakristo wa mji walikimbilia nyumba ya watawa. Hawakuokoka. Wareno waliuawa, na Waafrika waliobatizwa waliuawa pamoja nao, watu wazima na watoto. Habari zilizokusanywa baadaye huko Goa zilisimulia kwamba walitakiwa kuikana imani, nao wakakataa. Wakatoliki huwakumbuka hata leo kwa jina la Mashahidi wa Mombasa.

Wapendwa, ukiisoma habari hii kwa haraka unaweza kuchukua fundisho baya. Unaweza kusema, "Tazama ubaya wa Waislamu." Lakini hilo silo linalosemwa na mawe haya. Jirani zetu Waislamu wa leo hawana hatia ya mwaka wa 1631, kama vile mimi na wewe hatuna hatia ya kapteni Gamboa. Tena unaweza kusema, "Tazama ubaya wa Wakatoliki." Hilo nalo si kweli. Wale waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo katika nyumba ile walikuwa Wakatoliki, na wengi wetu tunaojiita watu wa Injili hatujawahi kuulizwa swali waliloulizwa wao.

Kuna jambo moja zito zaidi. Kati ya waliokufa walikuwako Waafrika ambao ngome haikuwa yao. Hawakuwa na cheo ndani yake. Biashara ya Goa haikuwapa faida. Kama walikuwa Wakristo kwa ajili ya mizinga, basi mizinga ilikuwa imekwisha kugeuka upande wa pili. Kilichobaki ni Kristo peke yake, nao wakamshika. Paulo angesema kwamba moto uliipima kazi, nyasi zikateketea, dhahabu ikabaki. Kumbe hata katika jengo lile lililojengwa vibaya, msingi ulikuwapo, na watu wadogo waliupata.

Wareno walituma merikebu za vita kutoka Goa mwaka wa 1632, wakapigana wasishinde. Lakini Yusuf mwenyewe aliiacha ngome akatoka baharini, wala hakurudi tena kutawala. Wareno wakarudi. Je, walijifunza nini? Juu ya lango la ngome liko bamba la jiwe la mwaka wa 1635, na maandishi yake yapo hata leo. Kapteni mpya, Francisco de Seixas de Cabreira, aliandika humo sifa zake. Anasema jinsi alivyoitengeneza upya ngome, jinsi alivyowatoza kodi wafalme wa pwani, jinsi alivyowaadhibu watu wa Pate na Siyu na kuzibomoa kuta za miji yao. Jiwe hilo linamtaja mfalme mwasi kuwa ni jabari. Halitaji damu ya baba yake. Halisemi neno moja la toba.

Basi yakawa yaliyokuwa lazima yawe. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome. Mazingiwa yakaendelea miezi 33. Njaa na ugonjwa viliwamaliza waliokuwa ndani, mpaka mwezi wa Desemba 1698 ngome ikaanguka mikononi mwa Waomani. Ngome ilipoanguka, kanisa lililokuwa ndani yake lilianguka nayo. Lingebaki wapi? Lilikuwa limekaa ndani ya kuta za mizinga, na watu wa nje walilijua kama nyumba ya mizinga. Imani ya Kikristo ikazimika Mombasa karibu miaka 150.

Nasi Waanglikana tusikae pembeni tukitikisa vichwa. Waingereza walipoitwaa pwani, ngome hii waliigeuza kuwa jela tangu mwaka wa 1895 hadi 1958. Mnamo mwaka wa 1905 kanisa letu kuu la Mombasa lilifunguliwa, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kwa ukumbusho wa Askofu James Hannington na wenzake. Ni nyumba nzuri yenye kuba, naipenda. Lakini kwa miaka mingi watu wetu waliimba zaburi humo, na mwendo mfupi tu kutoka hapo ndugu Waafrika walikuwa wamefungwa katika jengo linaloitwa kwa jina la Yesu. Ni wangapi waliosikia vibaya juu ya jambo hilo? Ngome ilibadilisha bendera, na kanisa likaendelea kukaa karibu nayo.

Sasa, kabla ya kurudi nyumbani, twende kaskazini kidogo mpaka Malindi, mwendo wa kilomita kama 120. Huko kuna kanisa jingine la Wareno, dogo sana, karibu na bahari. Paa lake ni la makuti. Ukubwa wake ni kama chumba cha kulala tu, na pembeni kuna makaburi. Hilo halikuanguka. Linasimama mpaka leo, na watu huingia kusali.

Mwaka wa 1542 mtawa mmoja aitwaye Francis Xavier alipita Malindi akielekea India. Alimzika huko mtu mmoja aliyefia merikebuni. Katika barua aliyoandika mwaka huo huo alisimulia kwamba mzee mmoja wa Kiislamu, mtu mwenye heshima katika mji, alimwendea na kumwuliza kama Wakristo kwao wanahudhuria makanisani, na kama wanasali kwa moyo. Mzee yule alisema kwamba watu wake wamepoa. Katika misikiti 17 iliyokuwa mjini, mitatu tu ndiyo iliyokuwa ikiendewa, tena na watu wachache. Jambo hilo lilimsumbua, akataka kujua sababu. Wazee hao wawili walizungumza wala hawakuafikiana juu ya sababu yake.

Lakini mimi nalipenda swali lile. Hapo hapakuwa na mzinga kati yao. Mwislamu na Mkristo walikaa, wakaulizana juu ya sala. Mzee yule hakuuliza, "Ngome yenu ina mizinga mingapi?" Aliuliza, "Watu wenu wanasali?" Hilo ndilo swali ambalo jirani anayo haki ya kuliuliza kanisa lolote.

Na miaka 300 baadaye, mwaka wa 1844, alikuja Mombasa mtu wa upande wetu, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza. Hakuwa na askari. Alikuja na barua ya Sayyid Said, mtawala Mwislamu, iliyowaomba watu wamtendee mema. Baada ya miezi michache mkewe Rosine alikufa pamoja na mtoto wao mchanga, na kaburi lao liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Kanisa letu la pwani lilianza kwa kaburi hilo. Kisha Krapf akaenda kukaa Rabai, na mwaka wa 1849 akafika Ukambani kwetu, akapokewa na Kivoi kama mgeni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye alikuja kwa mlango wa mgeni, wala hakuja kwa mlango wa mwenye nyumba.

Basi, ndugu zangu, tumeona makanisa ya kale. Turudi sasa Syokimau, maana neno la Mungu halitupeleki Mombasa lituache huko.

Sisi hapa ni watu wa kuta. Tazameni mtaa wetu. Kila ua una ukuta, kila ukuta una geti, kila geti lina askari. Sisemi ni vibaya, wezi wapo. Tena makanisa yetu mengi hapa yalianza katika mahema na mabati, nasi tunafanya harambee tupate jengo la mawe litakalodumu. Hilo nalo ni jema. Lakini sisi wa Syokimau tunajua jinsi mawe yanavyodumu. Mwezi wa Novemba 2011, katika ugomvi wa ardhi, tingatinga ziliangusha hapa nyumba nyingi za mawe kwa siku chache, na watu wakalala nje na watoto wao. Ukuta si mwamba.

Kwa hiyo nawapa maswali matatu ya kuchukua nyumbani.

La kwanza: kanisa lako limejengwa ndani ya ngome ya nani? Siku hizi ngome si ya mizinga. Yaweza kuwa ngome ya tajiri mmoja anayelipa kila kitu. Yaweza kuwa ngome ya mwanasiasa anayekuja na bahasha wakati wa uchaguzi, akapewa kiti cha mbele na kipaza sauti. Yaweza kuwa ngome ya kabila moja. Kanisa likikaa ndani ya ngome hiyo, litakula vizuri kwa muda. Lakini siku ngome itakapoanguka, nalo litaanguka pamoja nayo, na watu waliokuwa nje hawatalia.

La pili: yuko nani kati yetu aliyebatizwa na kudharauliwa? Yusuf alijua sala zetu zote. Hakukosa mafundisho. Alikosa mtu wa kumwambia, "Baba yako aliuawa, na sisi tuliotenda hivyo tumekosa." Leo yuko kijana wa mjengo ambaye anakuja ibadani na viatu vya vumbi, na wahudumu wanamwonyesha kiti cha nyuma kabisa. Yuko msichana wa kazi ambaye mwajiri wake ni mzee wa kanisa, na mshahara wake wa miezi mitatu haujalipwa. Yuko askari wa geti ambaye waumini wenzake humpigia honi bila salamu, kisha Jumapili humpa mkono wa amani. Hao wote wana vyeti vya ubatizo. Usishangae siku moja wakiondoka na hasira. Usiseme tu, "Wameanguka." Jiulize ni nani aliyewasukuma.

Na wewe uliyedharauliwa, unayenisikiliza sasa, neno langu kwako ni hili. Waliokuumiza walitumia jina la Kristo, lakini hawakuwa Kristo. Yusuf alikuwa na haki ya kulia kwa ajili ya baba yake. Lakini kisu chake hakikumfikia kapteni peke yake. Kilifika mpaka kwa watoto ambao hawakujua lolote. Hasira yenye sababu njema nayo huua wasio na hatia. Mpelekee Bwana. Yeye naye aliuawa nje ya ukuta wa mji.

La tatu: jirani akikuuliza kama mnasali, utamjibu nini? Hatakuuliza jengo liligharimu shilingi ngapi. Anataka kujua kama mle ndani Mungu anatafutwa. Kanisa dogo la makuti pale Malindi limesimama muda mrefu kuliko makanisa mengi makubwa. Sidai kwamba Mungu analipenda kwa sababu ni dogo. Lakini yeyote anayetaka kuingia haoni mzinga mlangoni.

Mama aliuliza kuna faida gani. Faida ni hiyo. Unaingia katika gofu la ndugu yako, unaona alipokosea na alipokuwa mwaminifu, halafu unaishika tochi unamulika nyumba yako mwenyewe. Ukitoka ngomeni, pita pia katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, la Wakatoliki, lililo katika barabara ile ile ya Nkrumah pamoja na kanisa letu. Lilijengwa katika karne ya 20, wakati wamisionari walipokwisha kurudi. Utawakuta akina mama kama ninyi, wamepiga magoti siku ya kazi, wakiwaombea watoto wao. Imani iliyozimika ilirudi, kwa Wakatoliki na kwetu pia. Haikurudi kwa sababu ya ngome. Ilirudi kwa sababu msingi ulikuwa haujaondoka. Kuta zinaweza kuanguka mpaka chini kabisa, lakini msingi ambao ni Kristo hakuna awezaye kuufukua na kuutupa.

Basi jengeni juu yake, kila mtu mahali pake, na kila mtu aangalie anajenga kwa nini.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu, Baba wa watu wote, tunakushukuru kwa ajili ya wote waliolitaja jina lako katika pwani yetu, na kwa wale wadogo waliolishika mpaka kufa. Utusamehe sisi na baba zetu kwa kila mahali tulipolitia jina la Mwanao juu ya mambo yetu wenyewe. Uwaponye waliojeruhiwa ndani ya nyumba yako. Utupe kuwaheshimu ndugu zetu wa makanisa mengine, na kukaa kwa amani na jirani zetu Waislamu. Uzibomoe ngome zilizomo mioyoni mwetu, kabla hazijaanguka juu ya watoto wetu. Na siku ya kupimwa kwa kazi zetu, kibaki kitu kidogo kwa utukufu wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.